Jino limechimbwa au limeng'olewa?

Zuhura: Shikamooni. Nimekatwa alama kwenye insha. Niliandika "The dentist excavated my tooth". Kamusi inasema excavate ni kuchimba, sasa kosa liko wapi?

Mama Zuhura: Jino linang'olewa, mwanangu.

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Hapo ulitaka extract. Inatoka Kilatini, trahere ni kuvuta, ex ni nje. Kitu kimebanwa ndani, unakivuta kitoke. Jino, risasi mwilini, mafuta kwenye mbegu, hata siri kwa mtu asiyetaka kusema. Udongo si lazima uwepo.

Zuhura: Na excavate?

Mjomba Hamisi: Cavus ni uwazi, shimo. Macho yako yako kwenye shimo lenyewe: msingi wa jengo, au mahali pa mambo ya kale. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, liligunduliwa 1922, na mwanaakiolojia Howard Carter alifanya kazi humo karibu miaka 10, vitu vikipigwa picha na kuandikwa kabla ya kuondolewa. Ukichimba shimo la kupanda mche, sema dig tu, inatosha.

Shangazi Rehema: Samahani niingilie, maana kliniki ya meno ndiyo kazi yangu. Excavate kwenye jino ipo! Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa kifaa chenye ncha kama kijiko kidogo sana, kisha anaziba. Jino linabaki mdomoni. Kwa hiyo Zuhura, sentensi yako ina maana, ila inaeleza tiba nyingine.

Zuhura: Aaa! Langu lilitoka lote na mizizi yake.

Shangazi Rehema: Basi extracted.

Kaka Juma: Mbona dhahabu wanasema mine?

Mjomba Hamisi: Mine ni kazi ya kuchimba madini. Ila mwamba ukishatolewa ardhini, dhahabu bado imo ndani yake. Kuitenganisha na mwamba ndiyo extract. Hatua mbili, vitenzi viwili.

Mama Zuhura: Na unearth?

Mjomba Hamisi: Hiyo ni fukua yetu. Tunafukia, tunafukua, ile un- inafanya kazi kama -ua yetu. Kwa maiti iliyozikwa kuna exhume, mara nyingi kwa amri ya mahakama. Naipenda sana fukua, Kiswahili kimeibeba yote hiyo kwa kubadili irabu moja.

Zuhura: Nikiandika "They mined the ore and extracted the gold"?

Mjomba Hamisi: Sahihi. Mpelekee mwalimu.