MJADALA: Jumatano mchana iwe lazima kwa watoto wa darasa la 7 na la 8?

Mama wa Katuba (mwenye mada)

Jambo yenu, ndugu wa hapa Lubumbashi, Kongo, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali. Suala hili limetugawa wazazi kwenye mkutano wa shule, nikaona nililete hapa tulijadili kwa upana.

Shule anakosoma mwanangu inataka kuanzia Septemba watoto wote wa darasa la 7 na la 8 wabaki kila Jumatano baada ya masomo kwa ajili ya mpira, kwaya, maigizo au bustani. Mzazi atoe faranga 3.000 kwa mwezi. Mtoto asiyebaki atapunguziwa konduite, yaani alama ya tabia, kwenye buletini (ripoti ya matokeo). Wazazi wengine walipiga makofi, wengine walitoka wakilalamika.

Mimi nazitaka shughuli hizo, tena sana. Ninachopinga ni kuziweka nje ya saa za masomo, kuzilipisha, na kuigeuza konduite kuwa fimbo.

Tuwakumbuke watoto wenyewe. Wana miaka 12, 13, 14. Darasa la 6 walikuwa na mwalimu mmoja aliyewajua mpaka majina ya wadogo zao. Wakafanya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, wakatawanyika. Darasa la 7 anaingia mwalimu wa hesabu, anatoka. Anaingia wa Kifaransa, naye anatoka. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu mzima hata mmoja pale shuleni kugundua kwamba ana sauti nzuri, au kwamba siku hizi haongei na mtu. Kwaya au timu inampa mtu wa kumtambua. Na hii ndiyo miaka ambayo pesa inarudi kubisha hodi. Shule ya msingi ya Serikali ilifanywa bure mwaka 2019, lakini ukivuka darasa la 6 unalipa, na nyumba yenye watoto watano inaanza kupiga hesabu ya nani aendelee. Mtoto mwenye kitu anachokipenda shuleni atajitetea mwenyewe mbele ya baba yake.

Anayesema ni kupoteza muda aulize TP Mazembe, klabu yetu ya mpira, ilianzia wapi. Mwaka 1939 wamisionari Wabenediktini waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface waliwaundia vijana timu, wakaiita Saint-Georges. Klabu iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 ilizaliwa kwenye shughuli za shule.

Sasa tazameni upande wa pili. Jirani yangu ana binti wa darasa la 8. Akirudi anaweka mfuko wa vitabu kitandani, anachukua bidoni (madumu) mbili za manjano, anakwenda bombani kupanga foleni. Akimaliza maji, anampokea mama yake kwenye meza ya kuuzia makala (mkaa) mpaka giza liingie. Huyu mtamkata konduite kwa sababu hakwenda kwaya? Watakaobaki Jumatano watakuwa wale ambao nyumbani kuna mtu wa kuteka maji.

Na hizo pesa zitanunua nini? Shule ile ile ina mpira mmoja wa ngozi. Nimeuona kwa macho yangu ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, juu ya kabati, katikati ya mafaili, una vumbi. Hautoki kwa kuogopa kuharibika. Watoto uani wanapiga mpira wa sachet (mifuko ya plastiki) uliofungwa kamba.

Nawasikiliza.

Mwalimu wa Kampemba

Mama, umesema vizuri, lakini "ndani ya saa za masomo" ni rahisi kuandika. Sisi tuna zamu mbili. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wameshajaa getini. Saa ni fupi tayari, na mwisho wa darasa la 8 kuna TENASOSP, mtihani wa taifa ambao ndio unamwelekeza mtoto sekta gani ya humanités (sekondari ya juu) atakayokwenda. Akipelekwa asikotaka, mzazi haji kumuuliza mwalimu wa kwaya, anakuja kwangu.

La pili, mnisamehe, linaniuma. Mimi ni N.U., nouvelle unité. Nafundisha, lakini bado sijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Ninakula kwa mchango wa wazazi. Mkisema "bure", aliyebeba huo ubure ni mimi.

Baba wa Ruashi

Mpira wanacheza avenyu, mtaani, kila siku, hakuna aliyewafundisha. Hesabu ndiyo hawaijui. Mwanangu alishindwa hesabu mihula yote miwili. Jumatano ikibaki, iwe ya kurudia hesabu.

Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Baba wa Ruashi, kwa heshima zote: kwenye avenyu wanacheza wavulana. Dada zangu sijawahi kuwaona wakicheza pale, na wakijaribu wanafukuzwa au wanaitwa majina. Uwanja wa shule ndio pekee ambapo msichana wa miaka 13 anaweza kukimbia bila kuulizwa anatafuta nini.

Mimi Kifaransa nilikipata kwenye maigizo ya shule. Darasani nilikuwa naogopa kufungua mdomo. Jukwaani nilipewa nafasi ya hakimu, ikabidi nihukumu watu kwa sauti. Na msidhani mambo haya ni ya wageni. Mwaka 1958 wavulana wa shule ya Kamina, hapa hapa kwetu Katanga, walipelekwa na Padri Guido Haazen mpaka Ubelgiji kuimba. Ilikuwa kwaya ya watoto wa shule na walimu wao.

Jambo moja mmelisahau wote. Watoto wenyewe nani kawauliza? Kila shule ina komite ya wanafunzi, lakini kazi yake ni kuandika majina ya wapiga kelele na kugawa mafagio. Wapeni hiyo Jumatano waipange wao: wachague wanachotaka, wasimamie vifaa, watoe hesabu mbele ya wenzao. Hapo ndipo shule itakuwa yao.

Mama wa Katuba

Asante, mwanangu. Hilo la komite nalipeleka kwenye mkutano.

Mwalimu, nimekusikia, na sitaki ufanye kazi bila malipo. Lakini saa ipo. Fungua daftari la mtoto yeyote wa darasa la 7 ukurasa wa mazoezi ya mwili: wangu ameandikishwa urefu na upana wa uwanja wa handball, idadi ya wachezaji, muda wa mchezo, na amefanyiwa interro (jaribio la darasani). Handball yenyewe hajawahi kuigusa. Saa hiyo iko kwenye ratiba, iko kwenye buletini, na mwalimu wake anahesabiwa saa hiyo. Tuanze hapo: itoke daftarini iende uwanjani, wiki moja michezo, wiki nyingine kwaya au maigizo. Na ile prime, mchango wa wazazi tunaotoa kila mwezi, komite ya wazazi iione imeandikwa wapi na imetumika vipi. Huenda bei ya mipira mitatu iko humo tayari.

Baba wa Ruashi, hesabu ya mwanao naijali pia. Lakini asipopenda kwenda shuleni, saa za ziada za hesabu utampa akiwa wapi?

Baba wa Ruashi

Kama ni kwenye ratiba na hakuna pesa mpya, sipingi. Konduite iachwe.

Mwalimu wa Kampemba

Kwa daftari la handball umenikamata, hata kwetu ni hivyo. Mipira ikipatikana niko tayari kujaribu na darasa langu. Ila mnijibu hili kabla ya Septemba: kuanzia Novemba mvua inashuka mchana karibu kila siku, uwanja unakuwa tope, na sisi hatuna ukumbi. Darasa ni moja, watoto wanapita hamsini, ukutani pembeni kuna darasa jingine linafanya interro. Kwaya nitaiimbishia wapi?