Mjadala: Fedha za hisani zifungwe kwenye hatua za wafanyakazi?

Mada: Shindano la kutembea la wiki 4 kazini. Kila mfanyakazi anahesabu hatua zake, na mwajiri anatoa mchango wa hisani kulingana na jumla. Utaratibu huu ni wa haki?

Mratibu: Ni wa haki, kwa sharti kwamba kiwango kwa kila hatua 1,000 kinatajwa mapema na ukomo wa mchango unaandikwa. Bila ukomo, jumla ikipanda kuliko ilivyotarajiwa, mhasibu atashusha kiwango katikati ya mwezi, na watu hawataamini tena shindano lolote.

Mkufunzi wa mazoezi: Kabla ya fedha, tuzungumze lengo. Kumpangia kila mtu hatua 10,000 ni kosa. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa mwaka 2019, uliofuatilia wanawake wazee, ulikuta waliofikia takriban hatua 4,400 kwa siku wakifariki kwa kiwango kidogo kuliko wa hatua 2,700, na nafuu hiyo ikikoma kuongezeka karibu na 7,500.

Aliyezoea hatua 3,000 akilazimishwa 10,000 wiki ya kwanza, hupata malengelenge, maumivu ya ugoko, au kisigino kinachochoma anapokanyaga chini asubuhi. Wiki ya kwanza iwe ya kupima tu, ipatikane wastani wa kila mmoja. Baada ya hapo aongeze hatua 1,000 kwa siku kila wiki. Na mwendo una uzito wake: hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa kasi ya wastani, hivyo hatua 3,000 ni dakika 30. Siku 5 za namna hiyo zinatimiza dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Mpinzani: Napinga. Simu iliyoachwa mezani haihesabu chochote. Saa ya mkononi humpunja anayesukuma toroli, kwa sababu mkono umetulia. Anayetumia kiti cha magurudumu mmemweka wapi? Na orodha ya majina ukutani humlazimisha mgonjwa au mjamzito kujieleza kwa watu asiotaka wajue. Mwenye shida asingojee miguu ya mtu mwingine. Fedha kama zipo, zitolewe zote.

Mratibu: Kuhusu vifaa, kila mtu ashindane na wastani wake mwenyewe, kwa kifaa kilekile, kimebebwa palepale. Hapo kasoro ya kifaa inapungua nguvu. Wa kiti cha magurudumu ahesabiwe dakika za kujisukuma, kila 10 ziwe sawa na hatua 1,000. Majina yaondoke, zitangazwe timu za watu 5.

Mpinzani: Watano ni wachache mno, mmoja akiugua, wenzake wanajua nani kawashusha. Wawe 10 walau, na msimamizi asione takwimu za mtu mmojammoja. Fedha bado sikubali: sehemu kubwa itolewe siku ya kwanza, hatua ziamue nyongeza tu.

Mkufunzi wa mazoezi: Nyongeza hiyo nayo iwekewe ukomo wa siku, tuseme hatua 12,000 kwa kila mtu. Bila hivyo, wapo watakaoketi siku 6 na kutembea 40,000 ya saba, na ndio watakaoumia.