Naomba ushauri: bulmastifu atafaa boma lenye watoto wadogo, Kisumu?

Baba Mapacha
Wadau, hamjambo? Niko Riat, nafuga kuku wa mayai, na wezi wamezoea kuruka ua usiku. Kuna jamaa Nakuru anauza watoto wa bulmastifu. Mama watoto hataki hata kusikia. Anasema jibwa lenye kichwa kama kile litawararua mapacha wetu wa miaka minne. Mnaomjua mbwa huyu, tabia yake ikoje?

Mzee wa Mamboleo
Ukijua alikotoka utaielewa tabia yake. Alizalishwa Uingereza karne ya 19 na walinzi wa mashamba ya matajiri, maana majangili walikuwa wakiingia usiku na bunduki. Mastifu alikuwa mzito, mwendo wa pole. Buldogi wa enzi zile naye mkali kupita kiasi. Wakawachanganya, asilimia 60 mastifu, 40 buldogi. Walitaka mbwa wa kumwangusha jangili na kumkandamiza chini mpaka mlinzi afike, si wa kumrarua. Wakapendelea wenye milia ya giza kwa sababu usiku hawaonekani. Kennel Club, chama cha huko cha kusajili mbwa, kilimtambua mwaka 1924. Kwa watu wa nyumbani ni mpole sana. Hata hivyo, mapacha wasiachwe naye bila mtu mzima, wala na mbwa mwingine yeyote.

Nyar Ahero
Baba Mapacha, huyu habweki ovyo. Kazi yake ilikuwa kunyamaza jangili asogee. Weka na mbwa wetu wa kienyeji wawili wapige kelele, yeye amshike mtu. Kwa dada yangu ndivyo wanavyofanya na kuku wako salama.

Daktari wa Mifugo
Mimi nahofia joto la Kisumu. Pua yake ni fupi na dume hufika kilo 50 hadi 59. Banda la mabati litamuua! Mpe kivuli cha mti, sakafu ya saruji, maji wakati wote, na matembezi alfajiri. Akihema kwa kelele huku mate yakiwa mazito, mmwagie maji ya kawaida na umpigie daktari papo hapo. Chakula kigawe mara mbili kwa siku na asikimbie akishiba, kwani tumbo likijisokota anaweza kufa kwa saa chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi mitatu. Azoeshwe wageni, kuku na bodaboda angali mdogo. Akishafika kilo 50 akivuta kamba, nani atamzuia?

Baba Mapacha
Asanteni sana. Mama watoto amesoma yote, sasa anauliza: dume au jike?

Mzee wa Mamboleo
Jike. Ni mwepesi kidogo, kilo 41 hadi 50, na shemeji ataweza kumshika. Mkienda Nakuru, nendeni pamoja na mapacha, mwombe kumwona mbwa aliyewazaa hao watoto wanaouzwa. Akiwangurumia bila kukoma au akijificha kwa woga, rudini mikono mitupu hata kama bei ni nzuri.