Joho la Bibi: gumzo la kikundi cha ukoo

Mama Neema: Habari za asubuhi, ndugu zangu, na kwa wakubwa shikamooni. Naomba tuzungumze jambo la Mama kabla kipupwe hakijakolea hapa Ngaramtoni, Arusha. Tangu bega lake la kulia lilipoanza kukakamaa, kumvalisha sweta kila asubuhi kumekuwa mateso. Leo nimeanza na mkono wa kushoto, nikalizungusha sweta mgongoni, na nilipofika kwenye mkono wa kulia alinishika kiganja akaniomba nisubiri apumue. Chai imepoa mezani hatujafunga hata kifungo kimoja. Mwishowe nimemvua, nikamfunika mabegani kwa ile shuka yake nyekundu na kuibana kifuani kwa kikwasi, naye akatulia, akanywa chai yake. Nimebaki najiuliza kwa nini kila mwaka tunamnunulia sweta.

Shangazi Naomi: Pole sana, wifi, na asante kwa kumtunza mama yetu. Tatizo si sweta hili wala lile, tatizo ni mikono yake. Nguo yenye mikono inamtaka mtu ainue kiwiko na kukirudisha nyuma, na mwenye bega bovu hawezi. Napendekeza tumshonee joho lisilo na mikono, yaani nguo pana inayotupwa mabegani na kufungwa shingoni. Shuka ni nzuri, lakini haikukatwa kufuata mwili: akiinama kuchukua kikombe inateleza na mgongo unabaki wazi, na kikwasi nacho kinatoboa kitambaa palepale kila siku. Joho la namna hii hukatwa nusu duara, uzito wake wote hukaa mabegani, na pindo huanguka vizuri pande zote hata mtu akiwa ameketi.

Neema: Shikamoo, Shangazi. Ukishona la Bibi, naomba unishonee na mimi, na ninasema hivyo kwa dhati. Ninapanda daladala saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na mtoto mgongoni, na sina jaketi hata moja linalofungika juu ya mbeleko. Nikilivaa kabla ya kumbeba, mtoto anabaki nje na baridi. Nikishambeba, halinitoshi tena. Kwa hiyo ninamfunika kwa khanga tatu, na ile ya juu huanguka kila ninapopandisha mguu mlangoni mwa gari. Nguo itakayotufunika sote wawili kwa mara moja ningeivaa kuanzia Juni hadi Agosti. Hofu yangu ni ofisini tu, kwa sababu pale mjini watu watasema nimekuja kazini nimejifunga blanketi.

Baba Mkubwa (Moshi): Marahaba, wanangu wote. Neema, hofu yako nitaijibu kwa mfano wa watu unaowaheshimu. Wakili akisimama Mahakama Kuu anavaa joho. Mwanafunzi anayehitimu chuo kikuu anavaa joho, na wazazi wake wanasafiri kutoka mbali ili wapige naye picha akiwa ndani ya joho hilo. Mchungaji wetu hulivaa kila Jumapili, na bwana harusi wa pwani hulivaa juu ya kanzu katika siku anayotaka kupendeza kuliko siku zote. Hakuna anayewaambia kwamba wamejifunga blanketi. Vazi hili tumeliwekea heshima ya shughuli, tukalinyima kazi yake ya tangu mwanzo ambayo ni kumkinga mtu na baridi, na mimi naona hapo tumejidhulumu.

Halafu nawakumbusha Lesotho. Sehemu ya chini kabisa ya nchi ile iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha mjini, kwa hiyo baridi yao tunaielewa. Wabasotho waliacha ngozi wakachukua mablanketi ya sufu katika karne ya 19, enzi za Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, na mpaka leo wanayavaa wakichunga, wakiwa juu ya farasi na katika sherehe za kitaifa. Wanaume hulibana blanketi begani na wanawake hulibana kifuani, kama Mama alivyobaniwa shuka yake leo.

Eliya: Shikamoo, Baba Mkubwa. Shikamoo, Shangazi. Siwapingi hata kidogo, lakini mimi ni dereva wa bodaboda na nyinyi mnazungumzia nguo yenye pindo refu, hivyo nina wajibu wa kusema. Mwezi uliopita nilimbeba mama mmoja kutoka Sakina kwenda Kisongo, naye alikuwa amejitanda kitenge na kukifunga fundo shingoni. Tukiwa njiani pikipiki ikawa nzito, kama kuna mtu anaivuta kwa nyuma, nikafunga breki. Ncha ya kitenge ilikuwa imeingia kati ya mnyororo na meno ya gia ya nyuma, imejiviringisha mara tatu, nyeusi tititi kwa grisi, na lile fundo lilikuwa limekaza chini ya kidevu chake hata vidole havipiti. Kijana aliyekuwa akiuza miwa kando ya barabara alikuja na kisu chake, tukakikata. Yule mama hakuumia, ila aliketi kwenye majani muda mrefu bila kusema neno, ameishika shingo yake kwa mikono miwili. Tangu siku ile simwondoi abiria kabla sijageuka kuangalia nguo yake iko wapi.

Baba Mkubwa (Moshi): Ahsante, Eliya. Mwaka 1927, mjini Nice nchini Ufaransa, Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri aliyezaliwa Marekani, alipanda gari la wazi akiwa amejizungushia skafu ndefu ya hariri. Skafu ilinaswa na gurudumu, akafa. Jambo ulilolizuia wewe kwa breki ndilo lililomuua yeye, kwa hiyo Naomi alizingatie kabla hajashika mkasi.

Shangazi Naomi: Nimelizingatia, kaka. Shingoni sitatia kamba wala kitu chochote cha kufunga fundo. Nitatia vifungo viwili vya chuma vya kubonyeza, ambavyo hukaa imara mtu akitembea lakini huachia vyenyewe pindo likivutwa kwa nguvu. Hata hivyo, Neema, kwenye pikipiki utalikunja na kulikalia, na hilo halina mjadala. Urefu wake utaishia magotini. Kutoka shingoni hadi gotini wewe una sentimita 95 hivi, na tundu la shingo litakula 13, kwa hiyo nusu duara yako itahitaji kitambaa cha mita 2 na robo. Mbele nitaacha mipasuo miwili ya kutolea mikono, ili uweze kushika bomba la daladala na kutoa nauli bila kumfunua mtoto.

Mama Neema: Wifi, mimi nina wasiwasi wa jiko. Mama anapenda kuota moto jioni, na akiinama kugeuza mahindi, ncha za shuka hupita karibu sana na mkaa. Mara mbili nimeziwahi.

Shangazi Naomi: Umeniwahi, kwa sababu nilitaka kulisema hilo. Shuka nyingi tunazonunua sokoni siku hizi ni za akriliki, yaani nyuzi za plastiki. Zina rangi nzuri na zikifuliwa zinakauka upesi, lakini zikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. La Mama litakuwa la sufu. Sufu haiwaki kwa urahisi, na inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa, jambo linalofaa sana kwa asubuhi zetu za ukungu na manyunyu. Mvua kubwa ya masika ni habari nyingine, kwani sufu ikilowa kabisa inakuwa mzigo, na hapo mtachukua mwavuli kama kawaida. Nitatafuta blanketi la sufu kwenye mitumba pale soko la Kilombero, mjini Arusha. Namna ya kulijua ni kuchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti: wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, wa akriliki huacha kipande kigumu kama punje.

Neema: Nimekubali yote, hata la kukalia pindo. Lililobaki ni macho ya watu.

Baba Mkubwa (Moshi): Mwanangu, macho hayo nayajua tangu ujana wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, nikiwa bado mwanafunzi, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, yaani shuka ya kufunga begani, na kujipaka ngeu, ule udongo mwekundu, wavae suruali na magauni, kwa madai kwamba mavazi yao yanarudisha nchi nyuma. Nilimwona jirani yetu, mtu mzima mwenye wake na ng'ombe wake, akisimama nyuma ya mti kabla ya kuingia mjini, akikunja shuka yake na kuitia kwenye mfuko, kisha akivaa suruali ya kuazima iliyomwishia katikati ya muundi. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Sikumcheka wakati ule, na mpaka leo nikimkumbuka naumia. Leo shuka ileile inauzwa kwa watalii pale mjini kama fahari ya mkoa. Ukiulizwa ofisini, waambie umevaa joho na mtoto wako hapati mafua.

Neema: Ahsante sana, Baba Mkubwa. Basi langu liwe la buluu iliyokolea kwa nje, na bitana iwe ya shuka nyekundu, isiguse jiko wala moto.

Shangazi Naomi: Limepita. Nitakuja Jumamosi na tepu ya kupimia, nimpime Mama akiwa ameketi kwanza, kisha akiwa amesimama, kwa sababu mgongo wake umeinama kidogo na joho lake lazima liwe refu zaidi kwa nyuma ili pindo lisipande.

Mama Neema: Nimemsomea Mama ujumbe wote tangu mwanzo. Amesema la kwake lisifichwe rangi ndani ya bitana, anataka nyekundu ionekane kwa nje, hivyo hilo blanketi litafutwe la rangi hiyo au lipakwe rangi. Kisha ameomba mfuko mmoja wa ndani, uwe upande wa kulia, kwa kuwa mkono wake mzima ni wa kushoto na ndio utakaofika hapo kuchukua leso na pipi za wajukuu.