"Kuwaza kumeshafanyika, wewe paka rangi tu": tajiri wa mitumbwi Mwaloni kanivua nguo leo

Brashi_Kirumba:
Wakuu, natoka Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule mwenye mitumbwi ya dagaa, tumbo linafika kabla yake. Tulishakubaliana nimchoree wavuvi wa usiku ubavuni mwa mtumbwi, elfu themanini. Leo anatoa simu, eti akili mnemba imeshamchorea. Halafu mbele ya wachuuzi, wabeba mizigo na sangara wote mpaka Ukerewe: "Kuwaza kumeshafanyika, wewe paka rangi tu. Elfu kumi."

Paka rangi tu!

Na picha yenyewe sasa. Wavuvi wa dagaa mchana kweupe, jua la utosi, taa zote zinawaka! Dagaa wanavuliwa gizani, mwezi ukishakuwa mkubwa watu wanakaa nchi kavu, hilo hata mtoto wa chekechea Kirumba analijua. Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, limeoteshwa minazi. Kuwaza kumeshafanyika? Kawaza nani? Kitu hakijawahi hata kulowa!

Elfu kumi. Mbele za watu.

Kijana_wa_Igoma:
Povu hili linafua nguo za Igoma nzima. Ulichukua hiyo elfu kumi?

Brashi_Kirumba:
Sijachukua! Paka rangi tu, mimi?

Mjuvi_Nyegezi:
Mkuu, ile mashine imefunzwa kwa mamilioni ya picha za watu. Inachanganya. Na wewe yule sangara wako mwenye taji si ulimtoa kwenye kalenda? Wote mnaiga.

Brashi_Kirumba:
Kalenda haikuwa na jicho lile! Jicho lile nililiona kwenye ndoano, samaki bado yu hai, ananitazama. Nenda kaiulize mashine yako ililiona wapi.

MC_Nyakato:
Afadhali yako. Mimi nimeletewa hotuba ya mashine niisome harusini, inamshukuru baba wa bibi harusi kwa "ushirikiano mzuri wa kibiashara". Ng'ombe wa mahari wamefika juzi tu! Ukumbi mzima kimya.

Dada_Buzuruga:
MC, si ndiye wewe uliyetanguliziwa hela na kaka yangu ukatokea watu wanakata keki?

MC_Nyakato:
Dada, siku ile gari liliharibika.

Dada_Buzuruga:
Gari gani, ulikuja na bodaboda!

Mama_Furu:
Mkimalizana, nani kapandisha dagaa Mwaloni? Ndoo leo haishikiki.

Kijana_wa_Igoma:
Ndoo ipi mama, ndogo au ya lita ishirini?