Kaya imeishiwa chakula Ujiji, waanzie wapi?

JiraniWaUjiji
Wakuu, habari zenu. Hapa Ujiji kuna kaya ya watu sita: mama, bibi wa miaka sabini na kitu, na watoto wanne. Wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Baba alikwenda kutafuta vibarua Mpanda, hajatuma kitu. Wanapika mara moja kwa siku, tena ugali wa muhogo mtupu. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hawamo. Waanzie ofisi gani na waende na karatasi gani? Kuna watu wanawaambia wapande gari hadi Kasulu wakaombe chakula cha WFP (Shirika la Chakula Duniani) kwenye kambi ya wakimbizi. Ni kweli?

KadiYaKliniki
Kabla ya ofisi yoyote, huyo mdogo apelekwe zahanati kesho asubuhi na kadi yake. Atapimwa uzito na mzunguko wa mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Wa nyekundu mwenye hamu ya kula huanzishiwa chakula dawa, zile pakiti za gramu 92 za karanga na maziwa, na hurudishwa kupimwa mara kwa mara. Akikataa kula, au miguu yote miwili ikivimba, huyo ni wa kulazwa, na kwa hapo ni hospitali ya mkoa ya Maweni. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu. Shimo likibaki, usisubiri kesho. Watu huona mtoto amejaa wakadhani ananenepa, ndiyo maana wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa.

Pakiti hizo ni dawa ya mtoto mmoja. Nyumbani hugawanywa, kwa sababu mama hawezi kumlisha mmoja wengine watatu wakitazama, na matokeo yake mgonjwa haongezeki uzito. Kwa hiyo mama amwambie muuguzi waziwazi kwamba nyumbani hakuna chakula, na aombe kuunganishwa na afisa ustawi wa jamii. Huyohuyo ndiye wa kumwona kuhusu msamaha wa matibabu wa bibi.

MuhuriWaMtaa
Kasulu wasipoteze nauli. Chakula cha kambi ya Nyarugusu ni cha wakimbizi walioandikishwa. Mwenyeji hana mgao pale.

Ujiji iko ndani ya manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa hiyo mlango wa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa (kijijini angekuwa wa kitongoji). Aombe barua ya utambulisho inayotaja idadi ya watu na umri wa kila mmoja, nani analeta kipato, chakula kilichopo ni cha siku ngapi, na namba ya simu, hata ya jirani. Barua inayosema tu "ni kaya maskini" hulala kwenye faili. Mtendaji wa mtaa agonge muhuri, kisha ipelekwe kata kwa afisa maendeleo ya jamii. Watoe nakala mbili na yao isainiwe "imepokelewa" pamoja na tarehe, maana bila hiyo kila ziara huwa ya kwanza. Muhuri hauna rushwa. Akidaiwa hela, TAKUKURU ni 113, simu ya bure.

TASAF haiandikishi kila siku. Zoezi linapofunguliwa, majina huanzia mkutano wa hadhara, hufuata dodoso la nyumbani, halafu orodha husomwa tena mbele ya watu. Jina hupotea kaya isipohudhuria, au mtu anapoulizwa dodoso akaona aibu na kujibu kwamba wanakula milo mitatu. Waache maombi ya maandishi kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Ila waelewe kwamba ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake hufuata mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Hata wangeingia leo, haiwapikii wiki hii.

Mahindi ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, nayo hutoka eneo zima linapopungukiwa chakula, kupitia kamati za maafa. Mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu, si bure. Yakitangazwa, ulizeni kwanza ni ya aina gani.

JiraniWaUjiji
Asanteni sana. Na wiki hii sasa? Ni Waislamu.

PishiNaKibaba
Wiki hii ni msikiti. Mama aende na ile barua kwa imamu au katibu wa kamati siku ya kawaida, asingoje msongamano wa Ijumaa. Zaka ya mali hutolewa wakati wowote wa mwaka. Zakatul fitri ni ya kuelekea Idi tu, pishi moja kwa kila kichwa, kwa hiyo jina liandikwe mapema ndani ya Ramadhani. Kwa Wakatoliki njia ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, halafu Karitasi ya parokia.

Msiombe "msaada wa chakula". Taja kiasi, watu huchangia upesi wakijua pengo. Kadiria gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, maharage gramu 60, mafuta gramu 25. Kwa watu sita siku 30 ni mahindi kilo 72, yaani madebe manne hivi, maharage kilo 11 na mafuta lita 5. Ukigawanya kwa wiki ni debe moja, maharage kilo mbili na nusu na lita moja na kidogo ya mawese. Hapo hata majirani watano wanaweza. Na iombwe hela ya kusaga. Bila hiyo watauza sehemu ya debe kwa bei ya kutupa ili wasage inayobaki.

Muhogo mtupu unanitia wasiwasi. Njaa ikibana, watu hufupisha kuloweka. Ule mchungu umenywe na ulowekwe siku tatu hadi nne mpaka ulainike kabisa ndipo uanikwe. Sumu ikibaki, na mlo hauna maharage wala dagaa, mtoto au mama anaweza kupooza miguu ghafla, na haitibiki. Kwa hiyo fungu la dagaa lisikosekane kwenye maombi, hata kama mahindi yatapungua kidogo. Kwa uji wa mdogo, dagaa wasagwe laini wachanganywe na unga.