Naombeni ushauri, hati ya shamba la babu West Pokot

Wandugu naombeni msaada, shamba la marehemu babu liko Lelan huko West Pokot, Kenya, na hati bado ni ya jina lake, ile ya zamani, karatasi imepasuka pale kwenye mkunjo namba ya ploti inasomeka kwa shida. Mirathi hatujafungua. Sasa jirani anadai aliuziwa ekari mbili, ana makubaliano ya mkono tu, kibali cha bodi ya ardhi hana, na ameanza kuchimba mashimo ya nguzo. Nikienda ofisi ya ardhi Kapenguria kufanya sachi (kukagua rekodi za shamba), niweke kwanza kosheni, yaani zuio kwenye rejista ya ardhi, chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ama nisubiri korti iteue msimamizi? Mjukuu anakubaliwa? Mama analima hapo, nisaidieni tafadhali.